Ndege Ilipotangulia Kustaafu

Siku rubani wa ndege ya abiria anapotimiza miaka 65, hakuna anayemuuliza anajisikiaje. Huenda alfajiri hiyo ameamka akakimbia kilomita tano, moyo unadunda sawasawa, macho yanasoma maandishi madogo bila miwani. Haimsaidii. Kuanzia siku hiyo hawezi tena kushika usukani wa ndege inayovuka mpaka wa nchi ikiwa na abiria au mizigo ya kulipiwa. Mbunge hugombea akiwa na miaka 75, profesa huongezewa mkataba, mganga hupata wateja zaidi kadiri mvi zinavyozidi. Kapteni hukabidhi kofia.

Kanuni hiyo imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Hadi Novemba 2006 kikomo kilikuwa miaka 60. Kikapandishwa hadi 65 kwa sharti kwamba kapteni aliyevuka 60 akae na mwenzake ambaye bado hajafika huko. Novemba 2014 sharti hilo likafutwa, na leo wazee wawili wa miaka 64 wanaweza kuongoza ndege moja bila kuvunja kanuni. Anayerusha peke yake, bila rubani mwenza, bado anafungwa na 60. Hili linawagusa marubani wa ndege ndogo kama Cessna Caravan, zile zinazoruka Zanzibar, mbugani Tanzania na Kenya, na mashariki mwa Kongo.

Mwaka 2025 mashirika ya ndege duniani, kupitia chama chao cha IATA, yaliomba kikomo kisogezwe hadi 67. Hoja ilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa ICAO mjini Montreal kati ya Septemba na Oktoba. Haikupita. Vyama vya marubani viliipinga, mashirika yakarudi na mafaili yao, na 65 ikabaki 65.

Bujumbura habari hiyo ilipita kimya, na si vigumu kuona kwa nini. Uwanja wa Kimataifa wa Melchior Ndadaye, jina ulilopewa 2019 kumkumbuka rais aliyeuawa Oktoba 1993, uko kwenye tambarare ya Rusizi, kaskazini-magharibi mwa mji. Jengo la abiria lina mapaa meupe ya duara yanayokumbusha nyumba za jadi za Kirundi, na njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, kiasi cha kupokea ndege kubwa kutoka Ulaya bila wasiwasi. Wanaoutumia miaka ya karibuni ni Ethiopian, Kenya Airways, Uganda Airlines, Air Tanzania, Brussels Airlines. Soma mikia ya ndege hizo: bendera za jirani zipo, za mbali zipo. Ya Burundi haipo. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, umri wa marubani unatuhusu nini sisi tusio na ndege?

Unatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya abiria. Anayepanda ndege hapa kwenda Addis Ababa au Nairobi anaikabidhi roho yake kwa watu wawili ambao hatawaona, na angependa kujua nani aliamua kwamba wa miaka 64 anafaa na wa 66 hafai, na aliamua kwa kipimo gani. Ya pili ni ya marubani wetu wenyewe, nami nitaiendea polepole kwa sababu ndiyo inayoniuma.

Kwanza kipimo. Wataalamu wa tiba ya anga huanza na asilimia 1. Rubani akikadiriwa kwamba hatari yake ya kupatwa na ugonjwa wa ghafla utakaomwangusha kazini haizidi asilimia 1 kwa mwaka, huruhusiwa kuruka akiwa na mwenzake. Mwaka una saa 8,760. Tuseme 10,000 ili hesabu iwe nyepesi. Asilimia 1 ndani ya saa 10,000 ni tukio 1 katika kila saa milioni 1. Lakini saa zote za safari hazina uzito mmoja. Kapteni akizimia ndege ikiwa imetulia juu kabisa, muda wa kufikiri upo. Kupaa na kutua ndiko kwenye hatari, na huko ni kama sehemu 1 ya 10 ya safari. Hata akizimia hapo, makadirio ni kwamba rubani mwenza atashindwa kuiokoa ndege mara 1 tu katika 100. Zidisha zote: tukio 1 la maafa katika kila saa bilioni 1. Hicho ndicho kiwango kinachodaiwa hata kwa mitambo muhimu ya ndege, na madaktari wa Ulaya waliokuwa wakilijadili jambo hili miaka ya 1980 walitaka moyo wa rubani upimwe kwa mizani ileile ya injini.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna maiti. Juni 18, 1972, ndege aina ya Trident ya shirika la BEA iliondoka Heathrow, London, kuelekea Brussels, ikaanguka Staines dakika chache tu baada ya kupaa. Wote 118 walikufa. Kapteni alikutwa na mishipa ya moyo iliyoziba vibaya, na tume ya uchunguzi iliihesabu hali hiyo miongoni mwa vyanzo vya ajali. Alikuwa na miaka 51. Sasa weka kando yake safari ya pili, nayo ya njia ya Brussels. Juni 2009 Boeing 777 ya Continental ilikuwa juu ya Atlantiki ikitoka Brussels kwenda Newark, na kapteni wake wa miaka 60 akafa kitini. Marubani wenzake waliendelea na safari, wakatua salama, na abiria 247 walikuja kujua walipokwisha kugusa ardhi.

Wa miaka 51 aliondoka na watu wote. Wa 60 aliondoka peke yake. Siwezi kusema kisa kimoja na kimoja vinathibitisha kitu. Hata hivyo vinaonyesha ni wapi pa kuangalia: kwenye kiti cha kulia, cha rubani mwenza.

Huko kwenye kiti cha kulia mambo yamepangwa kwa ukali ambao wengi wetu hatuujui. Ndege inaposhuka, marubani husemezana kwa maneno yaliyokwisha kuwekwa. Mmoja hutaja kasi au kimo, mwingine hujibu. Asipojibu, huitwa tena. Ukimya wa mara ya pili haujadiliwi: rubani mwenza hutamka kwamba ndege sasa ni yake, hushika usukani, huita mhudumu aje amfunge mgonjwa mikanda na kusogeza kiti chake nyuma asije akaangukia vitendea kazi. Mashirika mengi hata hayawaruhusu wawili hao kula chakula cha aina moja, ili sahani moja iliyochacha isiwalaze wote. Haya hufanyiwa mazoezi ndani ya simuleta, kile chumba kinachoinama na kutikisika kama ndege halisi, ambako mwalimu humnong'oneza kapteni ajifanye amezirai kisha humtazama kijana atafanya nini.

Isidhaniwe kwamba kumweka mkongwe na kijana pamoja kunatosha. Kanda yetu ina kumbukumbu yake. Mei 5, 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, usiku wa mvua, na haikufika popote. Watu 114 walipoteza maisha. Kapteni alikuwa na miaka 52, rubani mwenza 23. Wachunguzi walieleza jinsi ndege ilivyoinama polepole gizani bila yeyote kuishikilia, hadi kengele ilipolia na kapteni, aliyekwisha kupoteza mwelekeo, akaisahihisha kwa kuchanganyikiwa. Waligusia pia uhaba wa maelewano kati ya wawili hao. Kwa mwenye malezi ya kwetu hili si geni. Kijana hulelewa asimkatize mzee maneno, naye huingia kazini na malezi hayo chini ya sare. Mafunzo ya marubani hutumia muda mwingi kumfundisha kwamba humo ndani, kwa dakika hizo, ni lazima amkatize.

Tukubaliane basi kwamba tarakimu 65 haikushuka kutoka mbinguni. Haikutoka maabara pia. Kikomo cha 60 kilichowekwa Marekani mwishoni mwa 1959 kilizaliwa katikati ya ugomvi wa kazi: mkuu wa American Airlines, C.R. Smith, alikuwa akivutana na marubani wake waliokataa kustaafishwa wakiwa na miaka 60, akamwandikia mkuu wa mamlaka ya anga, Elwood Quesada, amsaidie. Msaada ukaja kwa sura ya kanuni ya usalama. Quesada alipotoka serikalini aliingia kwenye bodi ya American Airlines. Msomaji na ajaze mwenyewe. Iliwachukua Wamarekani hadi Desemba 2007 kukipandisha kikomo hicho hadi 65, na walipojaribu 67, Baraza la Wawakilishi likakubali 2023, lakini sheria iliyotoka Mei 2024 ikaiacha nje.

Vyama vya marubani navyo visipewe utakatifu. Katika mashirika mengi cheo hufuata foleni: anayeondoka juu anampandisha kila aliye chini yake. Kapteni akiongezewa miaka miwili, kijana anaongezewa miaka miwili ya kungoja kiti cha kushoto na mshahara wake. Usalama ni hoja ya kweli, na foleni ni hoja ya kweli, ila moja ndiyo husemwa kwenye kipaza sauti.

Wamarekani wana sababu ya mfukoni ya kutaka 67. Aliyezaliwa 1960 au baadaye hupata pensheni kamili ya serikali akifika umri huo, kwa hiyo rubani anayesimamishwa akiwa na 65 ana miaka miwili ya kujikimu kwa njia nyingine. Burundi ni kinyume. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, INSS, humlipa mfanyakazi pensheni ya uzee akianzia miaka 60, na wastani wa maisha ya Mrundi ni miaka sitini na kidogo. Kwa mizani ya hapa, 65 ni nyongeza, si adhabu. Jirani zake rubani wamekwisha kukaa barazani miaka mitano kabla yake.

Turudi kwenye lile linaloniuma. Kanuni ya ICAO inahusu safari za kimataifa. Ndani ya mipaka yake kila nchi hujiamulia. Japani huruhusu hadi 67. Australia na Kanada hazina kikomo cha sheria kwa safari za ndani, na rubani wa Sydney anaweza kuruka saa tano akaishia Perth, nchi ileile. Burundi ina kilomita za mraba 27,834. Ndege ya ratiba ikipaa Bujumbura, ndani ya dakika chache iko Kongo, Tanzania au Rwanda, na Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, unafikiwa kwa gari. Hivyo uhuru ambao Australia imeutumia, kwetu ni mlango uliochorwa ukutani.

Uhuru huo ungekuwepo pia usingesaidia, kwa sababu rubani wa Kirundi hakuzuiwa na umri. Shirika la taifa lilianza 1971 kwa jina la STAB, likawa Air Burundi mwaka 1975, likaruka kwa miongo mitatu na ushei. Mwaka 2009 likasimama. Watu huzungumza juu ya madeni, vita, ubovu wa ndege, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Wachache huzungumza juu ya kilichotokea siku ya 91.

Rubani si kama fundi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye akikaa mwaka mzima bila kugusa gari, akirudi spana itamtambua. Ili abebe abiria lazima awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Lazima apimwe ujuzi wake mara mbili kwa mwaka, na siku hizi kipimo hicho hufanyika kwenye simuleta, ambayo Bujumbura haina. Ipo Nairobi, ipo Addis Ababa, ipo Johannesburg, na kila saa yake hulipiwa kwa dola. Lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza: kipimo cha umeme wa moyo, macho, masikio, mkojo, shinikizo la damu. Akivuka 60, cheti hicho hudumu miezi sita tu. Mwenye shirika nyuma yake halipii haya mfukoni mwake. Asiye na shirika hulipa mwenyewe, au leseni inalala. Ikilala mwaka, kuiamsha ni ghali. Ikilala mitano, mwajiri anayeangalia karatasi zake haoni rubani, anaona historia.

Chukua mfano wa kubuni, ila hesabu yake ni ya kweli. Mtu aliyekuwa na miaka 38 wakati Air Burundi inasimama 2009 alikuwa na miaka 27 mbele yake kabla ya kikomo cha ICAO. Miaka 27 ni nusu ya kazi yake yote na zaidi. Ndiyo miaka ya ukapteni, ya kufundisha wengine, ya kulipia watoto shule. Asipopata nafasi ng'ambo, alistaafu akiwa na 38 bila barua, bila kiinua mgongo cha kapteni, bila keki. Na waliopata nafasi ng'ambo walikwenda na ujuzi wao, kama walivyokwenda wenzao wa Kenya na Ethiopia waliovutwa na mishahara ya mashirika ya Ghuba, isipokuwa kwamba Kenya na Ethiopia zilibaki na wengine nyuma.

Mwaka 2021 serikali ilianzisha Burundi Airlines kwa kuiunganisha Air Burundi na SOBUGEA, kampuni iliyokuwa ikihudumia ndege za wageni pale uwanjani. Nia ni njema. Lakini shirika la ndege huanza na watu kabla ya rangi ya mkia, na watu hawa hawapikwi haraka. Leseni ya biashara hudai saa 200 hivi angani, nayo unaweza kuipata ukiwa na miaka 18. Leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege ya abiria, hudai saa 1,500 na umri usiopungua 21. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa 1971 kwa ajili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Burundi ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2007. Addis Ababa kuna chuo cha Ethiopian. Ni vyuo vya karibu, si vya bure, na kwa mzazi wa mitaa ya Kamenge au Kinama bei yake inasikika kama bei ya ndege yenyewe.

Kuna akiba moja ambayo haitajwi kwenye mijadala ya 67. Kikomo cha 65 humtoa mtu kwenye ndege ya kulipiwa inayovuka mpaka. Hakimtoi kwenye simuleta, wala darasani, wala kwenye kazi ya ukaguzi katika mamlaka ya anga. Nairobi, Entebbe, Addis na Brussels kila mwaka zinatema makapteni wa miaka 65 wenye saa elfu ishirini na zaidi, wanaoijua njia ya Bujumbura kwa moyo: radi za jioni juu ya ziwa, milima ya Uvira upande wa magharibi na ya Mirwa upande wa mashariki, ambayo usiku haionekani mpaka iwe karibu mno. Mamlaka ya anga ya Burundi, AACB, ikiwa na wawili watatu wa aina hiyo kwa mkataba, ingepata kwa bei ya mshahara kitu ambacho nchi nyingine ilikilipia kwa miaka arobaini. Jumuiya tayari ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe, wenye kazi ya kulinganisha kanuni za nchi zote wanachama. Mwalimu aliyekubalika Kampala hana sababu ya kukataliwa hapa.

Kuhusu 67 yenyewe, mimi ningepiga kura ya hapana, ingawa si kwa sababu ya mioyo ya wazee. Mashirika yanayoitaka ni yale yenye ndege nyingi kuliko makapteni, na dawa rahisi ya uhaba ni kumbakiza aliyepo. Kila mwaka wanaombakiza ni mwaka mmoja zaidi wa kutomsomesha mwingine, na watakaochelewa zaidi kufikiwa na zamu ni wale ambao nchi zao hazina hata foleni ya kupanga. Mkutano mkuu wa ICAO hukaa kila baada ya miaka mitatu. Ujao ni 2028, na IATA haijasema imechoka. Mjumbe wa Burundi atakuwa na kura moja, sawa na ya Marekani, na ingefaa aende na hoja ya vyuo na walimu badala ya kunyoosha mkono tu wakati tarakimu inaposomwa.

Kijana wa mtaa wa Bwiza aliyezaliwa 2006 atafikisha miaka 65 mwaka 2071. Kanuni ikibaki ilivyo, ana muda wa kutosha kabisa. Anachokosa ni zile saa 200 za kwanza, na hadi sasa hakuna anayeziuza Bujumbura.